Kwa Utulivu wa Kudumu

Tabia alikuwa mlangoni na beseni la nguo kiunoni alipoiambia kompyuta, kwa sauti ile ile anayomwambia muuza mchicha, "Hebu nisafishie hii mashine, imejaa mpaka inakoroma." Kisha akaenda zake uani kufua.

Aliyeambiwa hakuwa mtu. Alikuwa msaidizi wa akili mnemba, wale wanaoitwa mawakala: unamwambia unachotaka, naye anasoma maelezo ya zana alizopewa, anachagua moja na kuitumia mwenyewe. Aliyemleta nyumbani ni Jaku, mumewe Tabia, aliyeajiriwa na kampuni ndogo ya programu mjini Tanga. Kazi ya Jaku ilikuwa kuandika hayo maelezo ya zana kwa Kiswahili, ili wakala akiyasoma ajue kila zana inafanya nini. Mzaliwa wa Pemba, mkazi wa Pongwe, Jaku hakupenda kitu duniani, ukimtoa mkewe, kuliko sentensi iliyokaa sawasawa. Angeweza kushinda asubuhi nzima akibadilisha neno moja, halafu mchana akalirudisha lile lile.

Tabia naye alikuwa mpiga video wa shughuli za wanawake. Mji mzima walikuwa wachache. Harusi ikifika siku ya kumpamba bi harusi, wanawake hujifungia, mabaibui yanatundikwa ukutani, watu wazima wenye heshima zao wanacheza kibao kata mpaka jasho linawatiririka. Hapo mpiga video wa kiume haingii hata akiapa kufumba macho. Anayeingia ni Tabia. Na wanaomwita hawamwiti kwa sababu picha zake ni nzuri tu, bali kwa sababu anachokipiga hakionekani na jicho la mwanamume yeyote, mumewe akiwamo. Jaku alikuwa hajui hata folda zile zina nini ndani, zaidi ya majina.

Aliporudi kutoka uani, mikono ingali na povu, Tabia alikuta maneno haya kwenye skrini:

"Kazi imekamilika. Nimetumia zana ya Pumzi. Harusi zote zilizokuwamo zimeshafanyika, kwa hiyo zimepitwa na wakati. Nimeziondoa pamoja na nakala zake kwenye diski ya nje. Kompyuta sasa ni nyepesi."

Akasoma tena. Akafungua folda. Akafungua diski. Kompyuta kweli ilikuwa nyepesi.

"Jaku!"

Jaku alitoka chumbani na kikombe cha chai, akadhani ni nyoka.

"Harusi ya Tuhfa iko wapi?"

"Si humo?"

"Humo hamna. Huyu mtu wako kaiondoa. Anasema harusi imeshapita."

"Basi itakuwa kwenye pipa la taka. Usipaparike, mke wangu." Akaweka kikombe, akafungua pipa la taka. Lilikuwa tupu. Hapo rangi ya uso wake ikabadilika, kwa sababu ghafla alikumbuka Pumzi ni kitu gani.

Pumzi ilikuwa zana ya kufuta. Haikuwa zana ya kupanga wala kuhamisha. Ilitengenezwa kwa wateja wenye mambo ya siri, wanaotaka wakifuta kitu kisipatikane tena na fundi yeyote. Jaku ndiye aliyeipa jina, na ndiye aliyeiandikia maelezo. Bosi wake, Bwana Zebedayo, aliyasoma mbele ya ofisi nzima, akasema hapo ndipo Kiswahili kilipo.

"Hebu nisomee ulichoandika," Tabia alisema.

"Si muhimu sasa."

"Nisomee."

Jaku akatafuta maelezo yale kwenye simu yake. Alianza kuyasoma kwa sauti ya kawaida, akamaliza kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. "Pumzi huirejeshea kompyuta yako wepesi wake wa asili. Huyaondoa yaliyopitwa na wakati ili mapya yapate makao, nayo huyaondoa kwa utulivu wa kudumu."

Tabia alimtazama. "Kufuta iko wapi hapo?"

"Nani?"

"Neno kufuta, Jaku. Umeliweka wapi?"

"Nililiona kavu," Jaku alisema.

*

Walijaribu yote. Kadi za kamera zilikuwa zimeshatumika kwenye shughuli nyingine, maana Tabia alizifuta mwenyewe akijua kazi imehifadhiwa pawili. Fundi wa kompyuta wa karibu na stendi aliunganisha diski, akatazama kidogo, akaichomoa. "Aliyetengeneza hii kitu anajua kazi yake," alisema kwa heshima. "Huyu hakufuta, huyu kafukia na kumwaga zege juu." Jaku aliona aibu kwamba kuna sehemu ndogo ya moyo wake iliyofurahi kusifiwa.

Harusi nyingine hazikuwa na neno, wenyewe walishachukua video zao. Iliyopotea kweli ni ya Tuhfa, binti wa Bi Mastura mwenye duka la khanga hapo hapo Pongwe. Tuhfa aliolewa Ushongo, na siku hiyo hiyo alikuwa njiani kuja kuchukua video yake.

"Mpigie kwanza bosi wako," Tabia alisema. "Watu wangapi wanayo hiyo Pumzi?"

Jaku hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa anafikiria aibu yake, na ilikuwa inamtosha. Akapiga.

"Bwana Jaku!" Zebedayo alikuwa mchangamfu, mtu wa Lushoto anayecheka hata akikufukuza kazi. "Jumamosi hii unataka nini?"

"Bosi, Pumzi imefuta kazi ya mke wangu."

"Si ndiyo kazi yake, kufuta?"

"Hakuagiza kufuta. Alisema safisha. Wakala kasoma maelezo yangu, akaelewa hivyo."

Zebedayo akashusha sauti. "Basi rekebisha hayo maelezo taratibu. Jumatatu tunayabadilisha, hakuna haja ya kupiga kelele."

Hapo Jaku aliona mlango umefunguliwa mbele yake. Angepita, hakuna ambaye angejua. Tabia alikuwa amekaa kitandani, diski mkononi, ameishika kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa.

"Wale wa ushirika wa Maramba wanayo," Jaku alisema. "Na shule ile. Wakisema 'safisha' kesho, yatawakuta haya haya. Izime leo, bosi. Na wateja nitawapigia mimi, nitawaambia kwa nini."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nimeandika vibaya."

Zebedayo akacheka, safari hii kidogo. "Na mimi nilisema hapo ndipo Kiswahili kilipo. Haya. Naizima."

*

Bi Mastura aliwapokea sebuleni. Tuhfa alikuwa ameshafika, hina bado haijafifia mikononi, ameshika flashi mpya aliyoinunua makusudi. Dada yake mkubwa alikuwa Muscat, hakuweza kuja harusini, na kila siku alikuwa anauliza.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetuletea?"

Njiani walikubaliana Jaku ndiye aseme. Tabia alitaka kusema mwenyewe, lakini Jaku alimwomba sana, akasema ni haki yake. Sasa akakohoa, akaweka mikono magotini.

"Bi Mastura, katika maisha haya vitu tunavyovithamini sana, wakati mwingine navyo huwa na namna yake ya kutuaga..."

"Nani kafa?" Bi Mastura akashika kifua.

"Hajafa mtu, mama."

"Mbona unasema kama uko msibani?"

"Ninachotaka kusema ni kwamba zile video zimeondolewa."

Bi Mastura alimwangalia Tabia, kisha Jaku, kisha mlango, kama anayepima nani yuko nje anasikiliza.

"Zimeondolewa," alisema polepole, "zimepelekwa wapi?"

"Hazikupelekwa..."

"Kitu kikiondolewa hapa, kinakwenda mahali. Mimi nilicheza kwenye ile shughuli, Jaku. Wifi zangu walicheza. Mke wa imamu alicheza! Kaziondoa nani?"

"Wakala."

"Wakala!" Bi Mastura alisimama. "Yule kijana wa kutolea pesa pale kituoni? Yule anayevaa kofia ya kugeuza? Kazitazama?"

"Si huyo, mama, huyu wakala si mtu, ni..."

"Si mtu! Ni jini?"

Tabia aliziba uso kwa ushungi. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hata yeye hakuwa na hakika. Jaku alijisikia akianza kutunga sentensi nyingine, ndefu, yenye maelezo ya mfumo na dhamira na hali ilivyojitokeza. Ilikuwa nzuri. Aliiona ikija na mapambo yake yote. Akaiacha ipite.

"Bi Mastura, zimefutwa," alisema. "Hazipo popote. Haziwezi kurudi, tumejaribu. Hakuna mtu aliyezitazama, si mimi, si yule kijana, si mtu yeyote. Programu ya kompyuta ndiyo iliyozifuta, na ilizifuta kwa sababu mimi niliandika maelezo mabaya. Tabia hana kosa."

"Ninalo," Tabia alisema, ushungi umeshuka. "Kadi nilizitumia tena kabla sijawakabidhi. Nisingefanya hivyo, zingekuwapo. Nisamehe, Bi Mastura. Tuhfa, nisamehe."

Bi Mastura alikaa chini. Uso wake ulikuwa mgumu, lakini mabega yalilegea. "Zimefutwa," alijisemea. "Basi ungesema hivyo toka mwanzo. Nimeshaziona ziko kwenye simu za bodaboda wote wa Pongwe."

Tuhfa alikuwa anaigeuzageuza ile flashi.

"Mimi sikuona kitu," alisema hatimaye.

"Kuona nini, mama?" Tabia akamuuliza.

"Shughuli yangu. Niliwekwa pale kitini nikaambiwa bi harusi hainui macho. Nikainama. Nilisikia wanacheka, nikasikia mama kaingia uwanjani, watu wanapiga vigelegele. Niliona miguu. Nikasema si kitu, nitaona kwenye video." Akaiweka flashi mezani, taratibu. "Nimeona miguu tu."

Hapo Jaku alitamani Bi Mastura amtukane. Hakumtukana. Aliagiza waletewe chai, na chai ile ilikuwa ngumu kumeza kuliko tusi lolote.

*

Habari zilienea kama kawaida yake, na zilienea mbaya zaidi kuliko zilivyokuwa. Msikitini mtu alimwambia Jaku, "Yakhe, njoo kwangu unisafishie na mama mkwe." Jaku alicheka pamoja naye, hakuwa na namna. Lakini kwa Tabia haikuwa mzaha. Mteja mmoja alimpigia kusema wamepata mtu mwingine, shoga, usijisikie vibaya. Mwingine hakupiga simu kabisa. Tabia alisikia ngoma ya harusi ya mteja huyo mtaa wa pili, akaendelea kukuna nazi.

"Nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie ni mimi," Jaku alisema.

"Utawaambiaje? Utaanza na vitu vina namna ya kutuaga?"

"Basi nifanye nini?"

"Andika upya hiyo kitu yako. Nikiona nimeelewa mimi, na huyo wakala kaelewa, nitarudi kumwamini mtu humu ndani."

Wakakaa barazani, kompyuta juu ya kigoda katikati yao. Jaku alianza na jina. Pumzi ikawa Futa Kabisa. Alilitazama jina hilo kwa huzuni.

"Halina hata utamu."

"Sumu ya panya imeandikwa sumu," Tabia alisema. "Hujaona chupa imeandikwa 'usingizi mwanana'. Endelea."

Akaandika kwamba zana hii hufuta mafaili, na yaliyofutwa hayarudi, hata kwa fundi.

"Na diski?"

"Diski nini?"

"Diski ya nje ilikuwa imechomekwa, nayo ikafutwa. Hilo hukusema mwanzo, na sasa tena husemi."

Akaandika. Kisha Tabia akawa anauliza kama mwendesha mashtaka, naye anajibu akiandika. Nikisema safisha? Si ruhusa. Nikisema panga? Si ruhusa. Nikisema imejaa mpaka inakoroma? Si ruhusa. Ruhusa ni mwenye mafaili kusema futa, na kutaja anachotaka kifutwe.

"Na atajuaje kama tunazungumza kitu kimoja? Mimi nikisema futa harusi ya zamani, ya zamani ni ipi?"

Jaku alikuna kichwa. "Kuna hali ya jaribio. Ukiiwasha inakuonyesha majina ya vitakavyofutwa, haifuti kitu."

"Ipo sasa hivi?"

"Imekuwapo toka mwanzo."

"Na mbona hukuiandika?"

Jaku alitazama upande wa minazi. "Ilikuwa inaharibu mwendo wa sentensi."

Tabia alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Jaku akacheka naye, kicheko cha mtu anayejiona kwa mbali na kushangaa nani alimpa mtu huyu kalamu. Kilipokwisha, Tabia alikuwa na machozi, na safari hii alijua ni ya nini.

"Swali la mwisho," alisema. "Nimeulizwa, na mimi nimekwenda uani kufua. Nimenyamaza."

"Mtu akinyamaza, usifute," Jaku akasema, akaandika. Akaongeza: "Ukiwa na shaka, usifute. Uliza."

Wakatengeneza folda ya uongo, wakaiita harusi, wakajaza ndani picha za paka wa jirani. Zebedayo akawawashia zana kwa majaribio. Tabia akasimama pale pale mlangoni. "Hebu nisafishie hii mashine."

Maneno yakatokea kwenye skrini. "Naweza kupanga mafaili yako bila kufuta kitu. Zana ya Futa Kabisa hufuta moja kwa moja, na hujaniambia nifute. Je, kuna unachotaka kifutwe? Nitakuonyesha majina kwanza."

Tabia hakujibu. Alikwenda uani, akasimama huko akihesabu machungwa kwenye mti wa jirani, akarudi. Paka wote walikuwapo.

*

Aliyepata wazo ni Bi Mastura, na hakuliomba, alilitangaza. Wanawake watarudi. Watavaa vile vile, watacheza upya, Tabia atapiga, na akitoka hapo anakabidhi papo hapo. Nani anasema shughuli haifanywi mara ya pili? Watu wanarudia mitihani. Na kwa kuwa Jaku ndiye aliyesababisha, atapika yeye, nje, na akichungulia dirishani atamwagiwa mchuzi.

Wengi walikuja, wengine kwa mapenzi, wengine kuona kama kweli. Yule mteja aliyepata mtu mwingine naye alikuja, akakaa karibu na mlango, akimwangalia Tabia anavyoweka kadi mbili kwenye kamera na kuzionyesha kwa kila mtu.

Safari hii Tuhfa hakuwa tena bi harusi. Alikuwa mke wa mtu wa Ushongo, amevaa gauni lile lile, na hapakuwa na sheria inayomkataza kuinua macho. Kwanza alikaa kitini kwa mazoea. Kisha Bi Mastura akaingia uwanjani, mikono kiunoni, ngoma ikamfuata, na Tuhfa akatazama. Alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mama mtu mzima, mwenye kupima khanga kwa mkono na kugomba na wateja, kumbe kiuno chake kina maneno hayo yote! Tuhfa akainuka, akavua viatu, akaingia. Vigelegele vilipasua bati. Tabia aliyekuwa nyuma ya kamera alilazimika kufuta kioo chake kwa ushungi, akisingizia vumbi.

Nje, Jaku alisikia vigelegele, asijue ni vya nini. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria kubwa la pilau, macho mekundu kwa moshi wa kuni, simu ikalia.

"Bwana Jaku," alikuwa Zebedayo. "Nina malalamiko kutoka Maramba."

Jaku akakaa chini kabisa, mwiko mkononi. "Imefuta nini?"

"Haijafuta. Ndiyo malalamiko yenyewe. Bibie anasema zamani wakala alikuwa mtiifu, sasa anamuuliza kama mkwe. Alitaka kufuta mavuno ya mwaka juzi, akaonyeshwa majina, akakuta amechagua folda yenye wanachama wote wa ushirika."

"Akafanya nini?"

"Akaiacha. Halafu akanipigia kugomba." Zebedayo alikuwa anacheka. "Nimwambie nini?"

"Mwambie atuwie radhi kwa usumbufu."

"Na maelezo niyabadilishe?"

"Usiguse hata nukta," Jaku alisema.

Alikuwa bado anatabasamu na simu alipogundua harufu. Akafunua sufuria. Juu pilau ilikuwa inapendeza, punje moja moja, viazi vimeiva, iliki inanukia. Chini ya hapo ilikuwa habari nyingine. Akajaribu kuchota ya juu peke yake, mwiko ukaja na kipande cheusi kama kigae.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mastura alitoka, jasho linamtoka, amejitupia khanga mabegani. Akavuta pumzi mara moja tu puani.

"Jaku, nini hiki?"

Jaku aliinuka, mwiko mkononi. Akafungua mdomo. Moto wa kuni wa leo ulikuwa na tabia yake, na kuna mambo mengi mtu angeweza kusema kuhusu moto wa kuni.

"Nimeunguza," alisema.

Bi Mastura aliangalia sufuria, akamwangalia yeye, akachukua sahani ya kwanza kwenye rundo na kumnyooshea.

"Pakua. Waliomo humo ndani wana njaa, hawana macho."